Hatua Kumi ni Zangu

Atokaye Mji Mkongwe kwa barabara ya uwanja wa ndege, kabla hajaufikia uwanja wenyewe, hukata kulia kuelekea baharini, na baada ya mwendo mfupi huuona mnara wa kanisa la Mtakatifu Yohana, Mbweni, ukichungulia juu ya miti. Kanisa hilo ni la miaka ya 1880. Wageni wengi hulipita wakienda kutazama magofu ya skuli ya wasichana iliyokuwa jirani yake, na wengine huuliza habari za Dokta John Kirk, balozi wa Kiingereza aliyekuwa na nyumba na bustani upande huo. Wanaouliza habari za waliozikwa pale ni wachache. Mava yapo, lakini masika yakishapita sehemu yake kubwa haionekani: ukoka umefunika, vichaka vimeshikana, na mahali pengine upupu umetambaa juu ya misalaba hata mtu asiyejua hudhani ni uzio wa shamba lililohamwa.

Mwanamke aliyefika hapo asubuhi moja ya mwezi wa Julai, panga lake limefungwa ndani ya gazeti, hakuwa mgeni wa magofu. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili aliyestaafu; jamaa na majirani humwita Mwalimu tu, na hapa pia ataitwa hivyo. Alifuatana na mtoto wa mdogo wake, kijana mrefu mwenye fyekeo begani, ambaye njia nzima alikuwa akiuliza swali moja kwa namna tofauti: "Mama Mkubwa, kwani huyu bibi tunayemtafuta ni nani yetu hasa?"

Swali lilikuwa jepesi kulijibu kwa lugha ya nasaba. Marehemu ni mama yake bibi yake Mwalimu. Mwalimu ni kitukuu chake, na kijana ni kilembwe. Lakini kijana hakuwa akiuliza hilo. Alitaka kujua kwa nini mtu huyo hatajwi nyumbani, kwa nini hana picha, hana kabila, hana mji alikotoka, na kwa nini mjomba wake mkubwa aliposikia habari ya safari hii aliweka kikombe chake chini akaondoka barazani bila ya kuaga.

Mbweni ni ardhi iliyonunuliwa na misheni ya Kianglikana ya UMCA mwaka 1871, wakati wa Askofu Tozer. Mkataba wa Sayyid Barghash wa kufunga soko la watumwa ulitiwa saini tarehe 5 Juni 1873, lakini kufungwa kwa soko hakukufunga bahari. Manowari za Kiingereza ziliendelea kukamata majahazi yaliyobeba watu kwa siri, na watu hao, wengi wao watoto, waligawiwa misheni. Wavulana walipelekwa Kiungani. Wasichana walikuja Mbweni, kwenye skuli iliyoongozwa na Bibi Caroline Thackeray tangu mwaka 1877 hadi 1902. Watu wazima walipewa vipande vya ardhi vya kulima na kujengea. Hivyo pakatokea kijiji cha watu waliokusanywa kutoka kwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo, ambao baina yao lugha ya kwanza ya pamoja ilikuwa Kiswahili, tena Kiswahili walichokijua kwa amri kabla ya kukijua kwa mazungumzo.

Baadhi yao walipanda hadi wakajulikana. Cecil Majaliwa, mtoto wa Kiungani, alipadirishwa mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza wa misheni hiyo kupewa daraja hilo. Na mkewe, Lucy Magombeani, alikuwa msichana wa Mbweni. Majina yao yanaonyesha desturi ya pale: jina la ubatizo mbele, na nyuma yake jina ambalo mtu alikuja nalo. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa kitabu kiitwacho Kiungani, ambamo wavulana wanasimulia wenyewe jinsi walivyotekwa na walivyovushwa. Ni kitabu cha wavulana. Mwalimu alikisoma mara mbili, kila mara akitamani kwamba katika ukurasa unaofuata angeingia msichana mmoja, hata kwa bahati mbaya.

Mama wa bibi yake alikuwa mmoja wa wasichana hao. Yaliyobaki juu yake nyumbani yangeweza kuandikwa kwenye kiganja: kwamba aliteremshwa kutoka jahazini akiwa na umri wa kung'oa meno ya utotoni, kwamba alijua kushona, kwamba hakupenda kula samaki, kwamba alipokuwa mzee alilala na taa inayowaka. Daftari la mazishi liliongeza mstari mmoja. Mwalimu alionyeshwa daftari hilo na mzee mmoja mpole aliyelifungua kwa ncha za vidole kama mtu anayefunua jeraha, na humo, katika mwaka 1938, palikuwa na jina la ubatizo ambalo familia inalijua, na umri uliokisiwa kuwa miaka 60. Baada ya jina la ubatizo, pale ambapo kwa wengine pameandikwa jina la pili, palikuwa na nafasi tupu.

Jamaa hii leo nusu yake husali Ijumaa na nusu Jumapili. Bibi yake Mwalimu aliolewa na Muislamu wa Ng'ambo. Watoto wengine walimfuata baba, wengine walibaki na mama, na kwa miaka mingi Krismasi na Iddi zilikuwa sahani tofauti katika sinia moja. Hilo halikuleta ugomvi. Kilicholeta ugomvi ni neno utumwa. Sheria ya kuufuta utumwa katika Unguja na Pemba ilitolewa mwezi wa Aprili 1897, na ni zaidi ya karne sasa, lakini katika visiwa hivi bado wapo wanaoweza kukataa posa kwa sababu ya babu wa babu. Kaka mkubwa wa Mwalimu, ambaye ana mabinti watatu hawajaolewa, hakuwa mtu wa kulaumiwa upesi aliposema maneno yake. Alisema: "Mkilipata kaburi, mtakuwa mmempata na mtumwa. Sasa hivi tunaye bibi tu."

Mwalimu hakumjibu. Aliyemjibu ni shangazi yao, mwenye miaka 83, mtoto wa mwisho wa yule bibi aliyeolewa Ng'ambo, Muislamu asiyekosa sala. Alisema: "Mama yangu aliniachia shairi nimpelekee mtu. Nimezeeka nalo mkononi."

Shairi hilo ndilo lililoanzisha safari. Ni ubeti mmoja wa tarbia, ambao bibi yake Mwalimu aliutunga mwaka ule wa msiba akamfundisha baadaye mwanawe mdogo, jioni, wakati wa kusuka ukili. Haukuwahi kuandikwa. Shangazi aliusoma mbele ya ndugu wote kwa sauti kavu ya mtu anayehesabu fedha za watu:

Nimemlaza mamangu, upande ule kusini,
Hatua kumi ni zangu, toka lango la pembeni,
Chini ya ule mwembe, simbi saba za kichwani,
Jina lake la uchungu, silisemi hadharani.

Wote walisikia ubeti. Mwalimu, aliyetumia miaka 34 kusahihisha mashairi ya watoto wa skuli, alisikia kosa. Ukwapi wa mstari wa tatu ulikuwa na mizani saba badala ya nane, na kina chake kilikuwa kimevunjika: mamangu, zangu, uchungu, na katikati yao mwembe, kama mgeni aliyeingia harusini na nguo za kazi. Mtunzi aliyepanga mistari mingine mitatu bila ya kuyumba hakuweza kuyumba hapo. Mwalimu alimuuliza shangazi yake taratibu, maana mzee hasahihishwi kama mwanafunzi: "Shangazi, una hakika ni mwembe?" Shangazi alikuwa na hakika. Alikwenda huko na mama yake alipokuwa na miaka sita, Siku ya Marehemu Wote, mwezi wa Novemba, embe zikianguka. Alikumbuka mti, akakumbuka na utamu.

Basi kwa miaka kadhaa kila aliyewahi kupita Mbweni kwa niaba ya familia alikwenda moja kwa moja kwenye mwembe mkubwa ulioko huko, akatazama chini yake, akarudi akasema hakuna kitu. Kumbukumbu ya mtoto ilikuwa imemeza kumbukumbu ya mama. Embe aliila yeye, na neno likabadilika kinywani humo humo.

Mwalimu alikaa na mstari ule usiku mbili. Alitafuta mti wa silabi zinazotosha na wenye mwisho wa -ngu. Jibu lilipokuja alicheka peke yake, kwa kuwa ni mti uliopo karibu katika kila kitongoji cha pwani, na majani yake mapana hugeuka mekundu kabla ya kuanguka hata watoto wakayaokota kuwa sahani za mchezo. Kivulini mwa mkungu. Mizani nane, na kina kimekaa. Alipompigia simu shangazi na kumsomea mstari ulivyosahihishwa, upande wa pili palikuwa kimya, kisha mzee akasema: "Kivulini. Naam. Alikuwa akisema kivulini." Wapenzi wa mashairi huru, ambao wamebishana sana na wenzao wa arudhi katika magazeti na vikao vya waandishi wetu, huenda wasione fahari yoyote katika jambo hili. Lakini ni vigumu kufikiri ni kitu gani kingine kingeweza kumwambia mwanamke huyu, baada ya miaka zaidi ya themanini, kwamba neno fulani si lenyewe.

Hakukuwa na mkungu. Hilo lilionekana mara tu kijana alipofyeka njia ya kupita. Upande wa kusini palikuwa na michongoma, mkindu mmoja, na kisiki kilichooza kiasi cha kutoweza kusema kilikuwa kisiki cha nini. Lango la pembeni nalo halikuwapo. Zilibaki nguzo mbili za mawe na chokaa, moja imeinama. Kijana alisimama baina ya nguzo hizo, akaelekea kwenye kisiki, akahesabu hatua kumi kwa miguu yake mirefu, akaingia katikati ya michongoma akakwama shati. Walifyeka hapo mpaka saa sita. Walikuta kaburi la mtoto, msalaba wa saruji usio na maandishi, na chupa ya zamani. Ndege ilipita chini sana juu yao ikielekea kutua, na kijana akasema kwa sauti ya kuchoka kwamba labda bibi alikuwa na hatua za kishairi.

Mwalimu alilitafakari hilo njiani, ingawa lilisemwa kwa mzaha. Hatua kumi ni zangu. Neno zangu lingeweza kuwa limewekwa kwa ajili ya kina tu, na watunzi dhaifu hufanya hivyo kila siku. Lakini bibi yake hakuwa mtunzi dhaifu. Huenda alisema alichokusudia kusema: hatua ni zake yeye, si za mwingine. Na yeye alikuwa mwanamke mfupi. Watu waliomjua husema alimfikia mumewe kwapani. Siku hiyo ya maziko, tena, alikuwa amevaa nguo za msiba, na mwanamke aliyejifunga hapigi hatua za mwanamume aliyevaa suruali.

Mara ya pili walikuja na shangazi. Kaka mkubwa alikuwa amekataza, kwa sababu ya miguu yake, na shangazi alikuwa amemwambia kwamba miguu ni yake. Aliletwa kwa gari, akateremshwa, akajitanda ukaya vizuri, akaingia na bakora kwenye mava ya Wakristo huku akisoma dua aliyoijua ya kuwaombea maiti. Kijana alikuwa amekwisha kumfyekea njia tangu alfajiri. Shangazi ana kimo cha mama yake; hilo linasemwa na kila aliyewaona wote wawili.

Alisimama baina ya nguzo mbili. Hakuhesabu kwa tarakimu. Alihesabu kwa kuusoma ubeti, hatua kwa kila fungu la maneno, akisimama kupumua, na Mwalimu pembeni akihesabu kwa vidole. Hatua za mtu wa miaka 83 ni fupi kuliko za mwanamke wa miaka ishirini na ushei, na Mwalimu alilijua hilo. Alipanga kichwani aongeze mbili au tatu. Shangazi aliposimama, palikuwa na majani tu. Kijana akaanza kufyeka kuanzia kwenye ncha ya bakora kwenda mbele. Baada ya muda fyekeo likagonga jiwe.

Yalikuwa makaburi mawili, yamelala sambamba, yamezungushiwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na mizizi ya kisiki kile imepita chini yake na kuyainua upande. Kijana akapiga magoti akaanza kusafisha kichwani mwa kaburi la kwanza, kisha la pili, upande wa mashariki. Alichimbua kwa kisu mpaka chokaa ikaonekana safi. Hapakuwa na simbi hata moja, wala alama ya simbi. Akainuka akafuta mikono, na uso wake ulisema kwamba mambo yamekwisha.

Shangazi ndiye aliyeanza kucheka. "Mwanangu, umemlaza kwa kibla," alisema. "Huyu si wetu wa kibla."

Kijana amezika wengi, lakini wote ni Waislamu. Katika visiwa hivi kibla iko kaskazini, na maiti hulazwa kwa ubavu wa kulia akiielekea, kwa hiyo kichwa chake huwa mashariki. Mkristo wa desturi ya zamani huzikwa kichwa magharibi na miguu mashariki, ili siku ya kufufuliwa ainuke akitazama kunakochomoza jua. Mstari wa kaburi ni ule ule, na mtu anayepita njiani hawezi kuona tofauti. Vichwa tu ndivyo vinavyopingana. Kijana alizunguka akaenda upande wa baharini.

Katika kaburi la kushoto, chini ya udongo wa kiasi cha kiganja, chokaa ilikuwa imepachikwa simbi, zile kauri za ufukweni zenye mgongo wa kung'aa. Zilibaki tatu. Zilikuwa zimepoteza mng'ao na kuwa nyeupe kama meno. Pembeni yake palikuwa na vishimo vya zilizong'oka, vitatu kwa hesabu ya kijana, vinne kwa hesabu ya Mwalimu, kwa kuwa ukingo ulikuwa umemeguka na mahali pa mwisho palikuwa nusu tu. Tatu na tatu ni sita, tatu na nne ni saba. Walibishana kidogo. Kaburi la kulia halikuwa na simbi, lakini nalo lilikuwa limemeguka zaidi, na mtu mkaidi angeweza kusema zake zimekwenda zote. Mwalimu si mkaidi, ila ni mwaminifu, na alilisema hilo kwa sauti, kwamba haiwezekani kuapa.

Shangazi hakuonekana kusikia. Aliomba kiti cha plastiki kilichokuwa garini, akaketi upande wa kichwa, akawataka wasogee. Walisogea mpaka kwenye nguzo. Kutoka hapo walimwona akiinama, na midomo yake ikicheza, kwa muda mfupi sana, usiotosha dua wala ubeti. Unatosha neno moja. Wanunuzi wa watu hawakuwaachia majina yao. Waliwapa ya vito na manukato na bahati, akina Feruzi na Marijani na Zafarani na Mabruki, na mengine ambayo hayakuwa mazuri hivyo. Kumbe alikuwa nalo miaka yote. Mwalimu alilijua hilo pale pale, na hakuuliza, na kwa hiyo jina hilo halimo katika kurasa hizi.

Jioni kaka mkubwa alipiga simu. Hakuuliza kama wamelipata. Aliuliza: "Limeandikwa jina?" Mwalimu akamwambia halikuandikwa. Akanyamaza, akasema, "Haya," akakata. Wiki mbili baadaye mfuko wa chokaa uliletwa nyumbani kwa shangazi na kijana wa mkokoteni aliyekwisha kulipwa, asiyejua umetoka kwa nani. Shangazi aliuweka barazani, juu ya ubao usipate unyevu, na kila aliyeingia aliuliza nyumba inapakwa lini.

Fundi alipatikana mwezi wa Septemba. Alijenga upya ukingo, akaziacha simbi tatu mahali pake, akakataa kupachika mpya kwa sababu, alisema, za dukani zimetobolewa kwa shanga. Kisha akauliza kibao kiandikwe nini, kwani analipwa kwa herufi na kibao alichonacho kinachukua mstari mmoja, au mmoja na nusu kwa maandishi madogo. Mwalimu alitaka mstari wa nne. Kaka mkubwa, aliyekuwa amekuja siku hiyo kwa mara ya kwanza akisema amepita tu, alisema wa kwanza unatosha, una kila kitu. Wakamgeukia shangazi.

"Wekeni wa pili," alisema shangazi. "Na hapo penye hatua, mfahamisheni na kimo changu, asije mtu mrefu akapotea."